Kabla Dadu Haijarushwa: Ninavyopima Ujuzi wa Wahusika Mezani

Katika mchezo wa kuigiza hadithi, ambao mimi ndiye mwendeshaji na kila mchezaji anaongoza mhusika wake, mchezaji akisema mhusika wake anapanda ukuta, sikimbilii dadu. Najiuliza kwanza: akifaulu, nini kinabadilika? Na akikosa, nini kinatokea? Swali la pili lisipokuwa na jibu, hakuna kurusha. Anapanda tu, tunasonga mbele. Ndivyo ninavyoendesha meza yetu hapa Kisumu, na mengine yote yanatokana na hapo.

Tunatumia sheria za Dungeons & Dragons, toleo la tano. Unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha nyongeza ya uwezo unaohusika (nguvu, wepesi, akili na kadhalika), na kama mhusika ana mafunzo ya ujuzi huo unaongeza alama za umahiri, ambazo kwa ngazi ya kwanza ni 2. Jumla ikifika kiwango cha ugumu au kukipita, amefaulu. Kitabu kinaweka 5 kwa jambo rahisi sana, 10 rahisi, 15 la wastani, 20 gumu, 25 gumu sana na 30 lililo karibu kutowezekana. Kwa wahusika wachanga nabaki na 10, 15 na 20. Hiyo 15 isikudanganye: asiye na nyongeza yoyote anaifikia mara 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Mwenye nyongeza ya 5 ana asilimia 55. Ni wastani kwa fundi, si kwa mpita njia.

Dadu ya pande 20 haipatikani katika kila duka, lakini hilo lisiwasimamishe. Chukua vifuniko 10 vya soda, viandike 1 hadi 10 kwa ndani, vitie kwenye mfuko usioonyesha. Chomoa kimoja, kisha rusha sarafu mpya ya shilingi 10. Ukitokea upande wa simba, ongeza 10. Ikitokea nembo ya taifa, acha namba ilivyo. Umepata 1 hadi 20, kila namba kwa nafasi sawa. Rudisha kifuniko na utikise mfuko kila mara, la sivyo namba kubwa zikishatoka wachezaji wataanza kuhesabu zilizobaki na kusubiri zamu nzuri. Usitumie dadu 3 za ludo badala yake bila kubadilisha viwango. Dadu tatu hupenda kuangukia 10 na 11, na kufika 15 bila nyongeza kunashuka kutoka asilimia 30 hadi 9 hivi.

Sasa turudi kwenye ukuta. Tuseme ni usiku, na mbele ya wahusika kuna boma la mawe la kubuni, kwa mfano wa Thimlich Ohinga kule Migori, ambako mawe yamepangwa bila udongo wa kuyashikanisha. Mazungumzo mezani huwa hivi:

"Mkuu, napanda ukuta."

"Sawa. Mawe hayajashikanishwa na chochote. Ukikosa, juu utafika, ila jiwe moja litaporomoka na mlinzi atalisikia. Ugumu ni 15. Bado unapanda?"

"Je, nikivua viatu nipande polepole?"

"Hapo utarusha mara mbili uchukue kubwa. Lakini utachelewa, na zamu ya walinzi itabadilika ukiwa bado ukutani."

Angalia kilichotokea. Mchezaji amejua bei kabla ya kulipa, kwa hiyo akikosa halalamiki. Kukosa hakumrudishi chini kuanza upya; kunaleta mlinzi, na hadithi inaendelea. Na kwa nyongeza ya 5, kurusha mara mbili kumempandisha kutoka asilimia 55 hadi karibu 80, jambo ambalo linastahili kulipiwa kwa muda. Mazungumzo haya mafupi ndiyo moyo wa mchezo wenyewe. Dadu inakuja tu kuyamalizia.

Penye kuharibika sana ni pale mmoja anapokosa kufungua kufuli na meza nzima inapaza sauti, "Nami najaribu!" Watu 4 wasio na nyongeza, kila mmoja akijaribu ugumu wa 15, wana asilimia 76 ya kumpata angalau mmoja atakayefaulu. Fundi wa kufuli mwenye asilimia 55 anakuwa hana kazi. Kwangu anarusha mmoja, na mwenzake anaruhusiwa kumsaidia akieleza anasaidia vipi. Huo msaada ndio unaompa kurusha mara mbili. Jibu likitoka limetoka, mpaka kitu kibadilike: chombo kipya, njia nyingine, au muda unaouma kuupoteza.

Kunyemelea kwa kundi kuna tatizo lililo kinyume chake. Watu 4 wenye asilimia 55 kila mmoja, ukidai wote wafaulu, nafasi yao ni asilimia 9. Hapo umeshawanyima, hata kama hukukusudia. Sheria ya kundi inatosha: wote wanarusha, na nusu au zaidi wakifaulu, kundi zima limepita. Nafasi inarudi asilimia 76, na mwenye vazi zito la chuma la vita haachwi nje kulinda mizigo.

Habari ambayo hadithi haiwezi kusonga bila hiyo sipimi kabisa. Wakipekua chumba, barua wanaipata. Ninachopima ni kama wameipata kabla mwenye chumba hajarudi.

Na mtu akikosa kwa alama 1 au 2, ninampa biashara badala ya kumfungia mlango: kufuli linafunguka, lakini kibanio kinavunjika ndani na kila atakayepita ataona limechezewa. Anaweza kukataa. Mara nyingi wenzake wanaanza kubishana naye kwa kunong'ona, kana kwamba mlinzi yuko mlangoni kweli.