Siku moja maishani mwangu: seva ilipoanza kumeza maneno

Saa 1:20 asubuhi. Nimewahi ofisini. Leo wanafunzi wanarudi kutoka likizo, na tangu jana jioni geti la hosteli limejaa mabegi. Mimi ni mtunza seva wa chuo kimoja hapa Morogoro. Wi-Fi yote ya hosteli inapita kwenye seva moja inayoendeshwa na mfumo wa Linux.

Saa 3:00. Simu ya mlezi wa hosteli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto wanalalamika huku. Chumba kimoja, huyu anapata intaneti, yule hapati kabisa."

Saa 3:10. Nafungua logi za kerneli, yaani kumbukumbu zinazoandikwa na kiini cha Linux. Mstari mmoja unajirudia, namba tu ndiyo inabadilika:

net_ratelimit: 347 callbacks suppressed

Kijana aliyeko field kwetu anasoma pembeni yangu. "Kaka, si tumebanwa kasi? Tuwapigie watoa huduma?"

Namwomba asubiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini mstari huuhuu ulinipotezea siku nzima, kwa hiyo namweleza taratibu. Hakuna aliyetubana. Kerneli inajizuia yenyewe isiandike mno. Kwa kawaida, ikishatoa jumbe 10 za mtandao ndani ya sekunde 5, zinazofuata inazihesabu tu bila kuziandika, halafu inakwambia imenyamazia ngapi. Isingefanya hivyo, tatizo dogo lingejaza diski. Viwango hivyo vinaitwa net.core.message_burst na net.core.message_cost. Basi 347 si pakiti (vipande vya data) zilizopotea, ni malalamiko ambayo hayakuandikwa. Kilicholalamikiwa utakikuta kwenye mistari iliyo karibu.

Tunapandisha juu kidogo. Huu hapa:

neighbour: arp_cache: neighbor table overflow!

Jedwali la majirani, yaani vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja na seva, limejaa. Humo seva huandika kila anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kifaa chenyewe. Ukomo wake wa kawaida, gc_thresh3, ni 1024. Sisi wakati wa likizo tuliupanua mtandao wa hosteli kuwa /20, yaani anwani 4,094 za vifaa, na jedwali hatukuligusa. Kila mwanafunzi ana simu, wengi wana laptopu pia. Anayechelewa kuunganishwa hana pa kuandikwa, hata kama mwenzake wa kitanda cha juu anatazama video.

Saa 4:00. Napandisha gc_thresh3 hadi 8192, na viwango vya chini yake, gc_thresh1 na gc_thresh2, kwa uwiano, kisha naandika yote kwenye folda ya mipangilio, /etc/sysctl.d, ili seva ikiwashwa upya yasipotee. Kijana anauliza kama tungeweza kulizima onyo tu. Tungeweza. Lakini watoto wangebaki bila mtandao, na sisi bila habari.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Mlezi anapiga tena: vyumba vyote vinapata.

Saa 10:30 jioni. Jedwali lina majirani 2,316. Mstari wa mwisho wa net_ratelimit ni wa saa 4:02 asubuhi. Kijana ameunakili kwenye daftari lake, pamoja na ule uliokuwa juu yake.