Pete ya shaba machoni mwa mdogo wangu

Shuleni walishamrudisha nyumbani wakidhani amelewa. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, ulimi umekuwa mzito, udenda unamtoka pembeni mwa mdomo, mkono wa kulia unatetemeka kila anaposhika kalamu. Mwandiko wake, uliokuwa mzuri kuliko wetu sote, ulisinyaa hadi walimu wakashindwa kuusoma. Pale kwetu Tanga kila mtu alikuwa na lake: shangazi alisema jini, majirani wakasema bangi. Mama aliwasikiliza wote, akawashukuru, kesho yake akampeleka tena hospitali. Utotoni mdogo wangu aliwahi kuugua manjano, yakaisha yenyewe. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili.

Mwaka 2009 tukapelekwa kwa daktari bingwa wa macho. Niliona ajabu: mtu anatetemeka mikono, anapimwa macho ya nini? Daktari alimwambia aweke kidevu kwenye mashine, akawasha mwanga mwembamba, akatazama jicho la kulia, la kushoto, akarudia la kulia.

"Mama, njoo uone."

Mama akatazama, nami nikafuata. Ukingoni mwa kioo cha jicho, pale panapokaribia weupe, palikuwa na utepe wa kahawia wenye mng'ao wa dhahabu, umelizunguka jicho.

"Hiyo ni shaba," daktari akasema.

Akatueleza taratibu. Shaba tunaipata kwenye chakula kila siku, na inayozidi ini huitoa kupitia nyongo. Mdogo wangu alirithi jeni mbili zenye hitilafu, moja kwa baba, moja kwa mama, ingawa wao wenyewe ni wazima. Kwa hiyo shaba ilijaa kwenye ini, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo na machoni. Ugonjwa unaitwa Wilson, kwa jina la daktari aliyeueleza London mwaka 1912. Mama aliuliza swali moja tu: dawa ipo? Aliposikia ipo, ndipo alipolia.

Vipimo vya damu na mkojo wa saa 24, tuliokusanya kwenye dumu, vilithibitisha. Penisilamini, dawa ya kutoa shaba mwilini, hatukuipata mjini kwetu. Mjomba aliyekuwa Muscat ndiye aliyekuwa akitutumia. Wiki za mwanzo kutetemeka kulizidi, akawa hawezi hata kushika kikombe. Daktari alishatuonya kwamba inaweza kutokea hivyo, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kumlisha uji kijana mkubwa ni kingine. Mama hakuruka dozi hata moja, na kila dozi aliitoa kabla ya chakula. Pweza, maini na korosho, kwa kuwa vina shaba nyingi, vikatoka jikoni, na kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Mpaka leo nikisikia kijana anasemwa kuwa na jini au kilevi huku mikono inatetemeka, nauliza kama macho yake yamepimwa.

Daktari alisisitiza pia tupimwe sote wa tumbo moja, maana kila mmoja wetu alikuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuwa na ugonjwa huo. Mimi sikuwa nao. Kitinda mimba wetu, binti mwenye afya tele anayeruka kamba uani, alikutwa nao. Akaanzishiwa zinki, inayozuia shaba ya chakula isiingie mwilini, kabla ya dalili yoyote. Sasa ni mwalimu, na ubaoni anaandika kwa mkono uliotulia.