Bamdogo diwani, mamdogo mgomoni

Mwaka 2012 nilikua nimemaliza fomu siksi, nipo tu Tabora kwa bamdogo nasubiri majina ya chuo na mambo ya bodi ya mikopo, na kazi yangu kubwa ilikua kumwendesha kwenye pikipiki yake ya mchina maana macho yalishaanza kumsumbua, hasa jioni. Bamdogo alikua diwani. Kata siitaji na chama chake siitaji, watu bado wapo na Tabora mjini ni padogo, ukitembea kutoka stesheni mpaka soko kuu umeshasalimiana na nusu ya ukoo. Kabla ya udiwani alifundisha shule ya msingi miaka mingi mpaka akastaafu, kwa hiyo watu wazima wenzie waliendelea kumwita mwalimu hata baada ya kuapishwa, mheshimiwa walimwita wenye shida. Mamdogo naye mwalimu, ila yeye alikua bado kazini, mwanachama wa CWT, yaani Chama cha Walimu, makato yanakatwa kila mwezi kwenye mshahara apende asipende.

Jumatatu tarehe 30 Julai CWT wakaanza mgomo nchi nzima. Walitaka mshahara uongezwe asilimia 100, posho ya kufundishia asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa walioko mazingira magumu. Ilikua Ramadhani. Mamdogo kala daku na sisi, kaswali, karudi kulala mpaka saa mbili, kitu ambacho sikuwahi kukiona siku ya shule. Bamdogo akatoka chumbani na kanzu yake akamkuta ukumbini anachambua kunde za futari, saa mbili na nusu asubuhi.

"Leo huendi?"

"Muulize katibu wetu."

Akaendelea kuchambua kunde.

Haikufika saa nne watoto wakaanza kurudi makundi makundi na mafagio yao na madumu ya maji, wanacheka, kwao ilikua sikukuu. Nyuma yao wazazi. Na wazazi hawakwenda kwa mwalimu mkuu wala kwa afisa elimu, walikuja barazani kwetu. Hili jambo mpaka leo linanishangaza, diwani hamlipi mwalimu, hamuajiri, hawezi kumhamisha wala kumpandisha daraja, lakini maji yakikatika ni diwani, taka zikijaa ni diwani, serikali ikigombana na walimu Dar es Salaam ni diwani wa kata yetu anayegongewa geti. Kuna mama mmoja mwanae yuko la saba, mtihani wa taifa Septemba, alikaa kwenye mkeka akasema hatoki mpaka aambiwe mtoto atafundishwa na nani. Na mwalimu mwenyewe wa yule mtoto alikua ndani humo humo, ukuta mmoja, anasikia kila kitu. Mamdogo ndiye alikua na la saba mwaka ule.

Jioni simu ikapigwa kutoka chamani. Madiwani wao wote waitwe. Nikampeleka, nikakaa nje chini ya mwembe na madereva wengine, ndani wakakaa mpaka karibu na adhana ya magharibi. Alitoka na karatasi imekunjwa kwenye mfuko wa shati na hakusema neno njia nzima. Baada ya futari ndio akafunguka. Tamko limeandikwa tayari, kila diwani akalisome kwenye kata yake: mgomo ni haramu, una mkono wa wapinzani, wananchi waukatae. Na zaidi ya hapo wapeleke majina ya walimu wanaochochea wenzao. Mnaokumbuka hali ya hewa ya wakati ule mtaelewa, mkoa wetu ulikua umetoka kwenye uchaguzi mdogo wa Igunga Oktoba 2011, helikopta juu vumbi chini, watu walikua hawajapoa, kila anayedai kitu anaulizwa katumwa na chama gani.

Mi nikamwambia bamdogo usisome. Nilikua na miaka ishirini, rahisi kusema. Akanijibu kwa upole wa kimwalimu, akaniuliza wale madiwani watano wa Arusha unawakumbuka? Chadema waliwafukuza uanachama Agosti 2011 kwa kwenda kinyume na chama kwenye lile sakata la umeya, na uanachama ukienda udiwani unaenda nao, maana kwa sheria yetu hakuna mgombea binafsi, kiti unakalia kwa tiketi ya chama. Akasema hawa wangu na wale wa Arusha wote sheria moja. Mamdogo akawa anakusanya vyombo, akasema bila kumtazama, "Na jina langu utalipeleka la kwanza au la mwisho?" Hakuna aliyecheka.

Jumatano kikaitishwa kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ofisi ya kata, saa nane mchana na swaumu, joto la bati. Diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, wenyeviti wa mitaa wapo, mratibu elimu kata yupo, na nyuma kabisa kwenye benchi la wanafunzi kakaa jamaa wa chama ambaye si mjumbe wa kile kikao kwa sheria yoyote ile, ila nani atamtoa. Mi nilikua dirishani kwa nje, sikuandika chochote, lakini nakumbuka vizuri. Bamdogo akaifungua ile karatasi. Akaisoma. Aliisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ile ya kusomea imla, neno, kituo, neno, kituo, kama anasubiri watoto waandike. Mwenyekiti mmoja wa mtaa akainamisha kichwa, sijui usingizi sijui aibu. Nilichukia sana siku ile na nisiwadanganye, hata leo naona hakupaswa kuisoma, kuisoma kinyonge bado ni kuisoma.

Ila hakuishia pale. Alivyomaliza akaikunja akairudisha mfukoni, akasema hayo ni ya chama, sasa tuje ya kata. Akamgeukia mratibu elimu, akamuuliza, walimu wa kata hii wanaidai halmashauri shilingi ngapi? Mratibu akaanza kusema mheshimiwa suala la mishahara ni la kitaifa. Bamdogo akamkata, sijakuuliza mishahara, mshahara anaupanga Rais na bunge, mi nakuuliza nauli za likizo, pesa za uhamisho, matibabu, zile fomu zilizojazwa zikapelekwa kwa mkurugenzi zikakaa. Yeye alikua mwalimu, alijua madeni yanakaa wapi. Kimya. Yule jamaa wa benchi la nyuma akakohoa. Mratibu akasema takwimu hana hapo alipo, bamdogo akamwambia mtendaji aandike kwenye muhtasari kwamba kabla ya baraza la madiwani linalofuata orodha iwe mezani, jina kwa jina, na kiasi. Halafu wakajadili watoto wa la saba, wakakubaliana wastaafu wawili watatu waliopo mtaani waombwe wakae nao angalau wafanye masahihisho ya mitihani ya nyuma, na yeye mwenyewe akajiandika wa kwanza.

Majina ya wachochezi hakupeleka. Alipoulizwa kwa simu alisema hajawaona.

Alhamisi tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu kitengo cha kazi ikasema mgomo si halali, walimu warudi kazini. Rais Kikwete naye alishasema serikali haina uwezo wa kulipa kiasi kile. Ijumaa mamdogo akavaa gauni lake la kitenge akaondoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, akamkuta bamdogo keshatangulia darasani kwake anasahihisha hesabu ubaoni, eti akamtoa. Alivyotusimulia jioni alikua anajizuia kucheka.

Orodha ya madeni ilikuja kweli, na nilivyoambiwa aliipigania barazani akiwa karibu peke yake, wenzie wa chama chake wakitazama meza. Chama kikamuita, akapewa onyo la mdomo kwa kutoka nje ya mstari. Mwisho wa mwaka walimu kadhaa wa kata yetu wakalipwa pesa za likizo za nyuma, si wote, ila walilipwa, walikuja hadi nyumbani kushukuru, mmoja kaja na dumu la asali ya Sikonge.

Mamdogo hakulipwa. Akadhani ni zamu, akasubiri, mpaka mwenzake ofisini akamwambia mbona jina lako kwenye orodha limekatwa kwa kalamu nyekundu. Bamdogo alilikata mwenyewe. Alisema asingeweza kusimama barazani kudai deni la mkewe, wangesema yote yale ilikua kwa ajili ya nyumba yake. Mamdogo alimpikia, alimtengea, alimfulia, na hakuzungumza naye mpaka Maulidi ikapita.

Kura za maoni za 2015 bamdogo akaangushwa, tena kwa kura chache sana. Mamdogo alikua na kadi ya chama na siku hiyo alikwenda kupiga kura akiwa kavaa vizuri tu. Hakuna mtu ukoo mzima aliyewahi kumuuliza alimpigia nani.