Siku moja maishani mwangu: pleti ya mtoto wa kitanda cha tatu

Saa 1:15 asubuhi. Chai itasubiri. Hapa maabara ya hospitali nafungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, nikitafuta pleti moja tu. Juzi chupa ya damu ya kichanga wa kitanda cha tatu ililia kwenye mashine, ishara kwamba kuna bakteria wanaoota. Jana nikapata bakteria aitwaye Klebsiella, makoloni (vishada vya bakteria) ya waridi yanayovutika kama mlenda. Jioni nikapanga juu yao diski za dawa, nione ipi itawazuia kuota.

Napima kwa rula duara tupu kuzunguka kila diski, pale bakteria waliposhindwa kuota. Sefotaksimu: mm 12. Sefotaksimu iliyotiwa asidi ya klavulani: mm 22. Tofauti ya mm 5 ingetosha. Ni ESBL, kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu dawa kama hii.

Dawa za ukoo wa penisilini na sefalosporini zina pete ya atomi nne, na nguvu yao yote imo humo. Kimeng'enya hiki, beta-laktamasi, huipasua pete kwa kutumia maji, kikaiacha, kikashika nyingine, chenyewe kikibaki kizima. Klavulani hukikaba, ndiyo maana duara limepanuka.

Jentamisini: mm 6, upana wa diski yenyewe, yaani dawa haikuzuia kitu. Hapa mara nyingi kuna kimeng'enya kingine, kisichopasua kitu. Hubandika asetili, kipande kidogo cha kemikali, juu ya dawa, nayo ikashindwa kushika ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria. Jeni za vimeng'enya hivi viwili huweza kukaa kwenye plasmidi moja, kipete cha DNA kinachohama, bakteria akampa jirani yake zote kwa mara moja. Hilo huninyima usingizi. Mtoto alianzishiwa ampisilini na jentamisini, kama mwongozo unavyotaka, na zote mbili zilikuwa zimeshakwama.

Saa 2:05. Napiga simu wodini.

"Dokta, habari za asubuhi. Mtoto wa kitanda cha tatu, ni ESBL. Sefotaksimu muiache."

"Meropenemu je?"

"Mm 28. Inafanya kazi."

Ananyamaza kidogo. "Famasi ina dozi za siku mbili. Baba yake itabidi akatafute nje."

Saa 5. Mikojo, usaha, vinyesi. Foleni ni ndefu.

Saa 7:30 mchana. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ananiuliza, "Dada, kwa hiyo sisi ndio tuliokiumba hiki kimeng'enya, kwa kunywa dawa ovyo?" Hapana, mdogo wangu. Abraham na Chain walieleza kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kugawiwa hospitalini. Bakteria walikuwa nacho tangu kale. Sisi, kila tunapomeza antibiotiki kwa mafua, tunawaua wasio nacho na kuwaachia uwanja wenye nacho. Anaandika. Namwonyesha nitrosefini, kemikali ya kupimia kimeng'enya hiki: tone la njano, nagusisha koloni, linageuka jekundu mbele ya macho yake.

Saa 10:40 jioni. Nimeshavua koti. Mashine inalia. Kitanda cha nne, ubavuni mwa kile cha tatu. Navaa glovu tena, napaka slaidi, naitia rangi ya Gramu, ya kutambulia aina ya bakteria. Vijiti vyekundu, vifupi, vinene, sura ileile ya Klebsiella.

Nanyanyua simu. "Dokta, ni mimi tena wa maabara."