Kufuli la lango na nta ya uzi: nilivyojiandaa na tetemeko hapa Mombasa

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020 usiku nilikuwa nakata kanzu ya mteja mezani. Ishaa imeshapita, watu wamewahi majumbani kwa sababu ya kafyu ya korona iliyokuwa ikianza saa tatu. Saa mbili na dakika kumi na kitu hivi, mkasi ukaanza kutembea wenyewe. Mkasi wa chuma, ule mzito wa kukatia vitambaa, ukasogea juu ya meza kama unavutwa na uzi. Taa ikabembea, kabati la nguo likagonga ukuta mara mbili, tak, tak, na ngazini nikasikia mayowe: "Zilzala! Zilzala!"

Nikamnyakua mwanangu wa mwisho nikakimbia. Nyumba nzima ilikimbia. Sisi tuko Majengo, nyumba ya ghorofa tano, ngazi moja nyembamba yenye giza, na chini lango la chuma. Lango lilikuwa na kufuli. Soja alikuwa amelifunga akavuka barabara kununua viazi karai, ufunguo uko mfukoni mwake. Tukabanana pale zaidi ya watu thelathini, watoto wanalia miguuni mwetu, na juu ya vichwa vyetu zege la ghorofa tano. Lau nyumba ingeshuka usiku ule, tungechimbuliwa sote mahali pamoja.

Haikushuka, alhamdulillahi. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa karibu 6, na chanzo chake kilikuwa chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Kilichotuokoa ni umbali. Watu wa Bukoba walipigwa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la ukubwa kama huo huo, 5.9, lakini lao lilikuwa karibu, na nyumba zikaporomoka, watu zaidi ya kumi na tano wakafa. Kwa hiyo mtu akiniambia matetemeko ni ya Wajapani na Waturuki, mimi humtajia Bukoba. Akibisha zaidi humtajia Subukia, hapa hapa Kenya, kwenye Bonde la Ufa, ambako mwaka 1928 ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 6.9. Na hizo namba zisimpumbaze mtu: ukipanda kutoka 6 hadi 7, nguvu inayotoka ardhini huzidi karibu mara 32.

Wiki ile ushauri ulimiminika kama mvua ya masika. Simu yangu ilijaa sauti za watu nisiowajua. Mmoja alisema litarudi Ijumaa saa tisa za usiku, na majirani wangu wakatandika mikeka ngazini, wakakesha na watoto wachanga kwenye sakafu baridi. Hakuna mtaalamu popote duniani anayeweza kukutajia siku na saa ya tetemeko. Anayetaja ni mwongo, na uongo wake uliwatia watoto kikohozi. Mwingine akasema tusimame mlangoni, kwamba fremu ya mlango ndiyo imara. Fremu zetu ni mbao nyembamba zilizopachikwa na misumari mitatu! Mwingine akasema ulale chini kando ya kitanda. Na wa mwisho, ambaye mimi nilimwamini kabisa, akasema: ukihisi tu, kimbia nje.

Niliuamini kiasi cha kuupangia zoezi. Korona ilipolegea, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: Jumapili baada ya alasiri, nikigonga sufuria, kila mtu ashuke mbio. Soja nikamwomba aliache lango wazi. Nilijihisi nimefanya jambo kubwa. Nikapanda ghorofa ya nne na sufuria ya pilau na mwiko wa chuma, nikagonga.

Walitoka kweli. Wa ghorofa ya kwanza walifika barabarani kabla sijashusha pumzi. Lakini wa pili na wa tatu wakakutana kwenye kona ya ngazi, mama mmoja na ndoo yake, vijana wawili wanaruka ngazi tatu tatu, watoto katikati yao. Na Mzee wa ghorofa ya nne, mstaafu wa bandarini, naye akatii. Alishika mkongojo wake akashuka. Kijana aliyetoka juu akamgonga begani, mzee akaenda chini kwa mkono. Nilisikia kifundo kikilia nikiwa na sufuria bado mkononi. Nilimpeleka hospitali kwa tuktuk. Haukuvunjika, uliteguka tu. Tuktuk, picha ya mfupa na dawa vilinitoka elfu tatu na kitu, lakini si pesa iliyoniuma. Niliumwa kwa sababu siku ile hakukuwa na tetemeko lolote, na mtu ameumia.

Jioni nilimpelekea uji. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, bandarini tulikuwa tukiambiwa hivi: mzigo ukianza kuyumba, anayekimbia ovyo ndiye anayeupokea. Funika kichwa kwanza, ukitulia ndipo utoke."

Basi nikakaa na hilo neno, nikatafuta wanavyofundisha wanaoishi na matetemeko. Ni hilo hilo la mzee. Mtikiso mkubwa mara nyingi ni wa sekunde chache, ni nadra kuzidi dakika moja, ila matetemeko makubwa kabisa huweza kutikisa dakika kadhaa. Kutoka ghorofa ya nne hutawahi kufika chini, na ngazi ndipo mahali pabaya pa kukutwa. Wengi wanaojeruhiwa huangukiwa na vitu au huangushwa wakikimbia. Ukiwa ndani, inama chini, ingia chini ya meza imara, funika kichwa na shingo, ushikilie mguu wa meza, maana meza hutembea kama ulivyotembea mkasi wangu. Ukiwa kitandani, baki hapo, mto juu ya kichwa. Ukiwa barabarani, jitenge na kuta, mabango na nyaya za stima. Mtikiso ukikoma, ndipo mnatoka, kwa mwendo, viatu miguuni kwa sababu ya vioo.

Kuwaambia watu wazima waingie chini ya meza ilikuwa kazi nyingine. Kina baba waliona haya. Nikawaacha, nikawaita watoto. Kila Jumamosi nakaanga kaimati, na nikawaambia: nitapita ngazini nikigonga mlango wowote, saa yoyote, nihesabu mpaka tano. Mtoto nitakayemkuta chini ya meza, kichwa amefunika na mkono mmoja umeshika mguu wa meza, anapata kaimati sita. Na akiwa amemwingiza mzazi wake, anapata kumi na mbili. Wallahi, Jumamosi ya tatu nilimkuta dereva mmoja wa matatu, mtu wa miraba minne, amejikunja chini ya meza ya kulia, bintiye wa miaka sita amemshika shati na kumfokea, "Baba, shingo! Funika shingo!" Nyumba ambayo haikusikiliza kundi wala mabango iliwasikiliza watoto. Leo ukigonga mlango wowote kwetu, kabla ya tano wako chini.

Kufuli lilichukua miezi. Mwenye nyumba alihofia wezi, na ana haki. Tukakubaliana ufunguo wa pili uwe ndani ya kisanduku cha kioo ukutani, kando ya lango, upande wa ndani, na nyundo ndogo imening'inia. Kuna nguzo moja pia pale chini, chumvi ya bahari ilikuwa imekula zege mpaka nondo zikaonekana, nyekundu kwa kutu, zinabanduka kama magamba ya samaki. Walikuja kuipiga rangi. Tulikataa wote kwa sauti moja mpaka akaletwa injinia. Angalieni nguzo zenu, nyinyi mnaokaa karibu na maji.

Kabati sasa. Kabati langu la mninga lina urefu kunipita, na lilikuwa usoni mwa kitanda cha watoto. Fundi alikuja na drili, akatoboa, akatia skrubu kubwa, akasema tayari. Nilivuta kwa mkono mmoja tu. Skrubu ikatoka na unga mweupe ukamwagika sakafuni kama sukari. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, laini, hazishiki. Akatia skrubu ndefu zaidi, ikatoka na kipande cha plasta. Fundi wa pili, mzee wa Mwembe Tayari, hakutoboa kwanza. Aligonga ukuta kwa vidole, akasikiliza, akatafuta palipo na sauti nzito. Akachukua ubao mrefu wa inchi tatu, akaupigilia kwa skrubu nane kwenye mstari mmoja, kila moja kwenye jiwe lake, akiruka viungo vya udongo. Kisha kabati akalifunga kwenye ubao, si ukutani. "Skrubu moja ya huku haina nguvu," alisema, "lakini nane zikishikana zinabeba." Nililining'inia mwenyewe kujaribu. Halikusogea. Ufundi na ubao vilinitoka kama elfu moja na mia tano, na nikamshonea kikoi juu.

Mtungi wa gesi niliufunga kwenye nondo za dirisha la jikoni kwa mpira wa tyubu, ule wanaofungia mizigo watu wa bodaboda. Unafungua kwa sekunde, na mtungi hauanguki. Mkinusa gesi baada ya mtikiso, fungeni valvu, fungueni madirisha, msiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima.

Maji Mombasa hatuhitaji kufundishwa kuweka, mifereji yetu imetufundisha. Lakini nilikuwa naweka madumu yote manne juu ya rafu! Dumu la lita ishirini ni kilo ishirini, likikushukia kichwani ni jiwe. Yote sasa yako sakafuni. Hesabu inayotajwa ni lita nne kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu, kwa hiyo sisi watano ni lita 60, madumu matatu, na la nne ni la udhu na kuosha. Kila Ijumaa nafulia ya zamani najaza mapya. Mlangoni nimetundika mkoba nilioshona mwenyewe kwa turubai: vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho, tochi, filimbi, dawa za pumu za mwanangu, noti ndogo ndogo, na karatasi yenye namba 999 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, maana simu ikizima hukumbuki namba hata ya mumeo. Filimbi msiidharau. Mtu aliyefukiwa sauti humwishia, filimbi haichoki.

Shemeji yangu anakodisha maboya ufuoni Bamburi, huyo nilimwambia jambo lake peke yake. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilisukuma maji mpaka pwani yetu. Yalichukua saa nyingi kufika, habari ikawahi, watu wakaondolewa ufuoni, na Kenya nzima akafa mtu mmoja. Somalia walikufa mamia. Lakini tetemeko la karibu halitampa saa nyingi. Akihisi ardhi imetikisika kwa muda mrefu, au akiona bahari imekupwa ghafla isivyo wakati wake, aache maboya yaende, apande juu barabarani, asingoje kutangaziwa.

Aliyebaki alikuwa mama. Mama anakaa Kibokoni, nyumba ya zamani ya mawe na boriti, na chumbani kwake kuna zidaka ukutani, na ndani ya zidaka sahani za kaure za bibi yangu, kumi na moja, juu kabisa ya mto wake. Nilimwomba tuziteremshe. Akaniangalia. "Zimekaa pale kabla hujazaliwa. Niteremshe mimi kwanza." Nikaomba tusogeze kitanda. Kitanda kinatazama kibla, hakisogei. Nikarudi nyumbani nimenyamaza.

Siku chache baadaye nilikuwa napaka nta kwenye uzi, ile nta ya nyuki ya kushonea kwa mkono, na kipande kikanigandia mezani. Nikakivuta hakitoki. Nikachukua kikombe, nikakibandika kwa punje nne za nta, nikatikisa meza kwa mikono miwili. Kikombe kilitulia kama kimeota mizizi. Ukikizungusha taratibu kinabanduka kizima, bila alama.

Nikaenda Kibokoni na donge zima. Nilizipasha punje kiganjani mpaka zikalainika, nne chini ya kila sahani, nikaminya, nikangoja. Mama alikaa kitandani akinitazama, tasbihi mkononi, hakusema kitu. Nilipofika ya saba nikamwambia aijaribu. Aliinuka, akaweka kidole kwenye ukingo, akasukuma. Akasukuma tena kwa nguvu. Sahani haikutikisika.

Akarudi kukaa. "Ile ya buluu," akasema, "itie nta nyingi zaidi. Ile ndiyo aliyoolewa nayo mama." Kisha akaushika upande wa miguuni wa kitanda, akaniambia nishike upande wa pili, tukivute kidogo kutoka ukutani, kibla ile ile.