Darubini moja, ndege na shabaha

Ukiingia duka la kamera hapa katikati ya jiji ukaulizia darubini ya jicho moja, ile inayokaa juu ya tripodi, muuzaji ataanza kwa kukuambia inakuza mara ngapi. Hii mara 60, ile mara 75. Kama unajiandaa kutoa pesa yako, nakuomba usianzie hapo.

Mimi ni mtu wa ndege. Shemeji yangu ni mtu wa shabaha, ana leseni yake, na hapa kwetu Kenya shabaha ni karatasi na chuma tu kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Darubini nzuri ni ghali, tukakubaliana tuchange tununue moja.

"Shemeji, mimi nataka kuona tundu la risasi," aliniambia. "Wewe na manyoya yako utajua mwenyewe."

Tulipopiga hesabu, tuliona hatujaachana sana. Tundu la risasi ya .22 lina upana wa kama milimita 5.6. Ukilitazama kutoka mita 100 kwa ukuzaji wa mara 20, ni sawa na kusimama mita 5 kutoka kwenye karatasi. Penye weupe utaliona bila shida. Penye duara jeusi la katikati ndipo lenzi duni inapoumbuka, maana tundu na wino vinakuwa kitu kimoja. Nami shida yangu ni hiyo hiyo. Kule Ziwa Magadi, kati ya Septemba na Aprili, vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia husimama kwenye maji ya chumvi, wote kijivu, wote mbali. Kuna mmoja mwenye mdomo mwembamba ulionyooka kama sindano, na mwingine mkubwa kidogo ambaye mdomo wake ni mnene zaidi na umepinda juu kidogo tu. Kinachokuonyesha tofauti hiyo ni ubora wa kioo. Ukubwa wa picha peke yake hausaidii.

Halafu kuna mwanga. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 80 kwa mara 20 inakupa mwale wa milimita 4 unaoingia jichoni. Ukiipeleka mara 60 unabaki na 1.3. Saa kumi na mbili asubuhi, lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi linapofunguliwa, hiyo 1.3 ni giza.

Na jua likishapanda, mambo yanageuka. Ardhi ya mbuga ikipata moto, hewa juu yake inaanza kutetema. Kifaru aliye kilomita moja kutoka kilima cha Impala anakuwa anayeyuka miguuni, na ukiongeza ukuzaji unakuza mtetemo pamoja naye. Kufika saa nne mimi hushuka hadi mara 20 au 25 na kubaki hapo. Lakini kwa shemeji mazigazi hayo ni mali. Anavuta fokasi karibu naye kidogo, kabla ya kufika kwenye shabaha, na anayaona yakitiririka. Yakienda kulia, upepo unaelekea kulia. Yakipanda wima, upepo ni mdogo sana au unavuma kwenye mstari wa risasi yenyewe. Nilipoonyeshwa hilo mara ya kwanza nilifurahi kweli; miaka yote nilikuwa nayatazama kama kero.

Dukani, usijaribu darubini kwa kutazama rafu ya upande wa pili. Omba utoke nayo mlangoni, tafuta mlingoti wa antena juu ya jengo refu wenye anga jeupe nyuma yake. Ukiona ukingo wa zambarau au kijani kando ya mlingoti, hicho kioo kitakusumbua kwa kila ndege mweupe. Vioo vya ED, yaani vile visivyotawanya sana rangi za mwanga, hupunguza sana jambo hilo, na hapo ndipo ningeongeza pesa. Mvaa miwani aulize pia jicho linaweza kukaa umbali gani na bado aone picha nzima. Chini ya milimita 15 utakuwa unachungulia.

Shingo ya darubini, pale unapoweka jicho, iwe iliyopinda au iliyonyooka? Kwa mtu aliyelala chini na bunduki, iliyopinda inashinda: anageuza kichwa tu, mwili hausogei. Pia inafaa watu wa vimo tofauti wakipokezana. Ndani ya gari inasumbua, na hifadhini huruhusiwi kushuka isipokuwa sehemu maalum. Mimi nilishona mfuko wa leso kuukuu, nikaujaza ndengu, nauweka juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu. Injini lazima izimwe.

Mwishowe tulichukua ya milimita 65, ukuzaji wa 15 hadi 45, kioo cha ED, shingo iliyopinda. Ile ya 80 tuliiacha kwa sababu ya uzito, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye tripodi nzito yenye kichwa kinachozunguka taratibu. Upepo wa nyanda za Athi hauna huruma na tripodi za simu.

Vumbi la magadi lina chembe ngumu. Lipulizwe kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo kitambaa kiguse lenzi.