Jembe la shangazi

Leo asubuhi hapa Ujiji, nyumbani.

Taa zangu za uani ni za volti 12, zinatoka kwenye betri ya sola. Waya niliufukia kijuujuu, sentimita 5 hivi. Nikajisemea, umeme mdogo huu, utamdhuru nani?

Sikuwaza nani ataudhuru wenyewe.

Shangazi kaingia na jembe, anatengeneza tuta la mchicha. Kacha!

Namkuta kashika ncha mbili, sura kama aliyekanyaga kifaranga cha jirani. "Mwanangu, huu mzizi wa mti gani?"

Nimecheka mpaka hasira zimeniishia.

Kesho nachimba sentimita 45, waya unapita ndani ya paipu ya plastiki, juu napanga vipande vya matofali.

Nyie nyaya zenu mmezipitishaje?